Waliotoroka Wodini

Nilianza uuguzi 1982 na nikastaafu 2018, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mapokezi ya majeruhi katika hospitali moja ya umma ya Dar es Salaam. Daftari la wodi lilikuwa na safu ya mwisho ya kueleza mgonjwa ameondokaje: ameruhusiwa, amehamishwa, amefariki, ametoroka. Kwa vijana wa unga, yaani heroini, safu hiyo ilijazwa "ametoroka" mara nyingi mno. Kijana analetwa jioni na jipu la kinena lililoiva, mwili unawaka moto. Anapasuliwa, analazwa, anaanzishiwa dawa za mshipa za siku saba. Kesho yake anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamtoka, vinyweleo vimemsimama, anaharisha, hatulii kitandani. Keshokutwa alfajiri kitanda kitupu, kanula imeachwa juu ya shuka. Daktari wa zamu anakasirika, mtu mmoja anasema mateja ndivyo walivyo, faili linafungwa. Baada ya wiki mbili analetwa tena, safari hii vijidudu vimeshafika kwenye moyo.

Arosto, yaani mwili unapoudai unga uliokosa, humwanza mtumiaji wa heroini saa nane hadi kumi na mbili hivi baada ya kete ya mwisho, na hupamba moto siku ya pili na ya tatu. Kwa hiyo kijana yule alitoroka kwa ratiba. Mtu yeyote aliyejua alichotumia na saa aliyotumia angeweza kutaja muda ambao kitanda kingekuwa kitupu. Faili lake lilikuwa na joto la mwili, mapigo ya moyo, kina cha kidonda na jina la balozi wake wa nyumba kumi. Alichokuwa anatumia hakikuandikwa popote, kwa sababu hakuulizwa.

Swali lenyewe ni fupi: unatumia nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Jijini kwetu lilipita kwanza mikononi mwa polisi, kisha likaenda vijiweni, kisha kliniki, na mlango wa dharura ukawa wa mwisho kulipokea. Ninaamini mpangilio huo uliua watu, na baadhi yao nilicheza nao rede na kombolela.

Mimi ni mtoto wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Baba aliuza dagaa shimoni, chini kabisa ya lile soko alilolichora Beda Amuli na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975. Kabla ya soko hilo kulikuwa na soko la zamani, na kabla yake, Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani 1916, hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Hospitali za mji nazo zilifuata rangi za watu. Wazungu walikuwa na Ocean Road mbele ya bahari. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, mpaka 1956 ilipofunguliwa ile iliyoitwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jengo moja la Muhimbili lina jina la Sewa Haji hadi leo. Kutoka kwetu ni mwendo wa miguu tu: unapanda Msimbazi hadi Fire, unaingia Upanga, umefika. Ukaribu huo ninautaja kwa makusudi. Vijana waliokuwa wakifa kwa unga nyuma ya maduka ya Mtaa wa Kongo walikuwa wakifa chini ya nusu saa kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Utotoni mwangu tulijua ulevi wa aina mbili, pombe na bangi. Mzee aliyelewa gongo alirudishwa nyumbani na wajukuu, na mvuta bangi alisemwa na kina mama barazani. Heroini ilikuja katika miaka ya 1980, na haikuja peke yake. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, na ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, ambapo kijana asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kuchukuliwa mtaani na kupelekwa kulima kijijini. Vijana wa Kariakoo walikimbilia bandarini na kuzamia meli. Wengine walifika Ugiriki, wengine Karachi na Bombay, na wachache waliorudi walirudi na jinzi, redio, na uzoefu wa kitu ambacho mtaa ulikuwa haujakiona. Biashara ilipofunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, bidhaa zikamwagika kutoka Dubai na Bara Hindi, na unga ukapita katika njia zilezile, kwa majahazi kutoka pwani ya Makran na kwa matumbo ya watu waliomeza kete ndani ya ndege.

Mwanzoni ulikuwa unga wa kahawia. Haukuyeyuka vizuri kwenye maji, hivyo ulivutwa, ama juu ya karatasi ya fedha inayotoka ndani ya pakiti ya sigara, ama kwa kuchanganywa na bangi kwenye msokoto mmoja. Waliovuta walikuwa vijana wa kupendeza, wenye fedha kidogo, na wasichana waliwataka. Ninalisema hili kwa sababu leo watu wanadhani teja huzaliwa mchafu. Wa kwanza niliowajua walinyoosha pasi mashati yao.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe. Huu unayeyuka kwenye maji ya kawaida, na hapo bomba la sindano likachukua nafasi ya karatasi. Bomba liliuzwa dukani kwa bei ya soda. Ndani ya miaka michache tukaanza kupokea majeraha ambayo hatukuwa tumeyazoea: majipu ya mikono, ya shingo, ya kinena, miguu iliyovimba kwa damu kuganda, vijana wa miaka ishirini na kitu wenye mioyo iliyooza. Kutafuta mshipa wa dripu ukawa mtihani. Ninakumbuka kijana mmoja aliyenitazama nikihangaika na mkono wake, akasema kwa upole, "Sista, hapo umekufa zamani. Jaribu huku kwenye kidole gumba, huu nimeuweka akiba." Akaunyoosha mwenyewe, akafunga mpira kwa meno, na dripu ikaingia. Alikuwa ameshajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza, na bado faili likaandikwa "jipu".

Swali aliloulizwa lilikuwa jingine. "Una PF3?" Fomu namba 3 ya polisi ina sababu yake ya haki: aliyepigwa au kugongwa lazima awe na ushahidi mahakamani. Serikali imesema mara kwa mara kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Lakini usiku wa manane, kwa kijana aliyepigiwa kelele za mwizi pale eneo la Gerezani akaokolewa akiwa na mbavu tatu zimevunjika, fomu hiyo ilimaanisha kurudi kituo cha polisi Msimbazi na kujieleza. Kijana wa unga alijua atakachoulizwa huko. Wengi walichagua kwenda kujilaza kijiweni na mbavu zao. Sheria ya dawa za kulevya ya 1995 ilikuwa imeongeza uzito wa adhabu, na tume iliyoundwa chini yake ilikuwa na kazi ya kuratibu mapambano. Katika miaka hiyo, mtu aliyemuuliza teja "umetumia nini?" alikuwa na pingu kiunoni. Sishangai kwamba hata sisi wa nguo nyeupe tulipouliza, tulijibiwa uongo.

Familia nazo zilikuwa na tiba zao. Mtoto alifungiwa ndani kwa kufuli mpaka arosto iishe. Alipelekwa kwa mganga, au kwa shehe akasomewa. Zaidi ya yote alipelekwa kijijini kwa bibi, Rufiji au Muheza, akae mbali na wenzake. Akarudi baada ya miezi mitatu amenenepa, mama anashukuru, shangazi wanakuja kumwona. Siku ya pili anapita kijiweni, anajidunga kipimo kilekile alichokiacha, na mwili uliokuwa umeshasahau haukibebi tena. Hivyo ndivyo walivyokufa wengi waliotoka vijijini na waliotoka gerezani. Walioletwa kwetu wakiwa hai walikuwa wamemwagiwa maji na kunyweshwa maziwa na marafiki. Mboni zao zilikuwa zimebana mpaka zimekaribia kupotea, na pumzi ilihesabika. Dawa ya kumzindua mtu wa namna hiyo, naloksoni, ilikuwapo duniani tangu miaka ya 1960, na ampuli moja huleta pumzi ndani ya dakika chache. Kwetu ilipatikana kwa bahati, tena zaidi katika chumba cha upasuaji kuliko pale mlangoni ilipohitajika.

Watu wa kwanza kuuliza bila pingu walikwenda vijiweni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari na watafiti wa Muhimbili, akiwamo daktari wa akili Gad Kilonzo na Profesa Melkizedeck Leshabari, walishirikiana na Sheryl McCurdy na wenzake kutoka Texas. Walikaa na watumiaji kwenye maskani zao na kuwasikiliza. Mwaka 2005 waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza jambo lililoutisha ulimwengu wa afya. Baadhi ya wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa na arosto na hawana fedha walikuwa wakijidunga damu iliyotolewa kwa mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini ina unga wa kutosha kuwatuliza. Waliotoa damu hiyo walikuwa wakiwasaidia. Mtu hawezi kuelewa arosto ni nini mpaka atafakari tendo hilo. Vipimo vilivyofanywa katikati ya muongo huo kwa waliojidunga vilionyesha VVU kwa zaidi ya watu 40 katika kila 100, wakati kwa taifa zima ilikuwa 7 au chini yake. Wanawake walikuwa wameathirika zaidi ya wanaume.

Baada ya hapo wakaja waelimishaji rika. Hawa ninawaheshimu kuliko watu wengi waliosoma. Kimara Peer Educators walipita vijiweni kwa miguu. Kule Temeke, Médecins du Monde kutoka Ufaransa walifungua kituo cha watumiaji kuoga, kufungwa vidonda na kupata mabomba safi. Mwelimishaji rika, mara nyingi aliyewahi kutumia mwenyewe, alichuchumaa kwenye vumbi la Jangwani akamuuliza mwenzake anatumia kete ngapi, anajidunga wapi, na kama amechoka. Hakuwa na fomu ya polisi. Kilichohitajika baada ya jibu ndicho kilichokuwa kimekosekana: mahali pa kumpeleka.

Mahali hapo palipatikana Februari 2011, ndani ya Muhimbili. Daktari Jessie Mbwambo na wenzake wa chuo kikuu cha tiba walifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa kama Mauritius vilivyokuwa vimetangulia. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili, na kuanzia miaka ya 1960 Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha jijini New York kwamba inaweza kumshikilia mraibu wa heroini akaishi maisha ya kawaida. Huyeyuka polepole mwilini, kipimo kimoja kinatosha siku nzima. Mgonjwa huanza na kipimo kidogo kinachopandishwa kidogokidogo, na kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo, huinywa mbele ya mfamasia. Haimleweshi aliyeizoea. Arosto inaondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mtu anaamka bila kutafuta.

Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu, kwa sababu mtoto wa jirani yetu alikuwa mmoja wa walioandikishwa. Foleni ilianza asubuhi mapema. Niliwaona watu niliowaosha vidonda wakiwa wamekaa kwenye benchi, wamechana nywele, wanabishana Simba na Yanga. Baadhi yao walikuwa wakipata dawa za VVU na za kifua kikuu palepale. Jirani yangu alinishika mkono akasema, "Mwanangu sasa anaomba chakula." Mama aliyeishi na teja anajua uzito wa sentensi hiyo.

Mwananyamala ilifuata 2012, kisha Temeke. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Leo huduma imefika Mbeya, Mwanza, Tanga, Dodoma na kwingineko. Nauli ya kila siku iliwashinda wengi, hasa waliotoka mbali, na wanawake walikuwa wachache mno kwenye foleni ile, kwa sababu mwanamke wa unga alijificha zaidi na alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Mwaka 2017, majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya yalipokuwa yakisomwa hadharani na wenyewe kuitwa polisi, niliwasikia wagonjwa wakiogopa kupita barabarani kwenda kunywa dawa. Sheria mpya ya 2015 na mamlaka iliyotokana nayo zilileta pia dhamana ya kusimamia tiba, na hilo ninalipongeza. Ila hofu ya mwaka ule niliiona kwa macho.

Sasa nirudi mlangoni. Januari 2010, mwaka mmoja kabla ya kliniki ya methadoni, Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, kwa msaada wa Abbott Fund. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, na chuo kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa dharura. Sisi tuliozoea "kasualti" ya benchi na foleni tuliona jambo kubwa: mgonjwa anapangwa kwa uzito wa hali yake, si kwa aliyetangulia kufika wala anayejuana na nani. Milango hiyo miwili, wa dharura na wa methadoni, ilifunguliwa katika uwanja mmoja kwa tofauti ya mwaka. Njia ya kuingia kliniki, hata hivyo, ilitengenezwa kutokea vijiweni, kupitia asasi za jamii. Ndiyo maana yule aliyepita mlango wa dharura na jipu, au akiwa amezidisha, aliweza kutibiwa vizuri sana, akatoka na kurudi kijiweni, umbali wa hatua chache tu na benchi ya dawa ambayo ingemshika.

Wenzetu wa hospitali ya KCMC, kule Moshi, walianza kujibu tatizo hili kutoka upande wa pombe. Blandina Mmbaga, Catherine Staton na wenzao walipowapima majeruhi wanaofika dharura, karibu 3 katika kila 10 walikuwa na pombe mwilini. Wakatengeneza mazungumzo mafupi waliyoyaita Punguza Pombe kwa Afya Yako. Muuguzi anakaa na majeruhi kabla hajaruhusiwa, kwa muda usiozidi robo saa hivi, wanazungumza kwa Kiswahili kuhusu unywaji wake na ajali iliyomleta, na baadaye ujumbe wa simu unamfuata nyumbani. Kipimo cha maswali kumi cha Shirika la Afya Duniani kinachosaidia kazi kama hiyo kilijaribiwa katika miaka ya 1980 kwenye nchi sita, na Kenya ilikuwa moja ya hizo. Maswali haya yalipita Afrika Mashariki tangu mwanzo. Yamechukua miongo mitatu kufika kando ya kitanda cha mgonjwa wa bodaboda.

Katika kazi hiyo ninachokipenda ni kwamba anayeuliza ni muuguzi. Daktari wa dharura ana mgonjwa mwingine anayekata roho. Muuguzi ndiye anayebadilisha bendeji, ndiye anayesikia miayo ya arosto inapoanza, ndiye ambaye mama wa mgonjwa atamnong'oneza ukweli koridoni. Kwa miaka ile ya viroba, kabla ya Machi 2017 vilipopigwa marufuku, nilikuwa nikiwaona makuli wa Kariakoo wakifika na majeraha ya saa nne asubuhi huku mifuko yao ya shati ikiwa na vipakiti vitatu vinne. Hao nao walitoka na bendeji na panadoli.

Baada ya mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Majengo hayo ni mapya na mazuri, yana oksijeni na vitanda vya kisasa. Lakini kliniki za methadoni hufanya kazi asubuhi. Mwenye jipu, aliyezidisha na aliyepigwa hufika usiku. Mwaka 2015 madaktari wa dharura wa Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kumwanzishia mraibu dawa ya buprenofini palepale kwenye chumba cha dharura na kisha kumkabidhi kliniki. Waliofanyiwa hivyo walikuwa bado kwenye tiba mwezi mmoja baadaye kwa wingi kuliko walioelekezwa kwa maneno tu. Kwetu inahitajika dawa ya usiku mmoja ya kuzuia arosto hadi kliniki ifunguliwe, naloksoni kwenye kila toroli la dharura, na safu moja ya ziada katika faili yenye majibu mawili: anatumia nini, mara ya mwisho lini. Safu hiyo isipelekwe polisi.

Na ijazwe upesi, maana mzigo unabadilika. Desemba 2023 ile mamlaka ya dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Methadoni haitibu methamfetamini. Mgonjwa wake haji amelala na mboni zilizobana. Anakuja macho yamemtoka, hajalala siku kadhaa, anapigana na watu asiowaona, na muuguzi asiyeuliza anaweza kumfunga kitandani akidhani ni kichaa au malaria imempanda kichwani. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kunitembelea huniuliza kwanza nilikuwa nikipataje mshipa kwa mateja. Ninawaambia wamuulize mwenyewe, na wakishapata mshipa waendelee kumuuliza.